Trikodema, maikoriza au biuveria: yupi anafaa bustani yako ya Dar es Salaam?

Kama bustani yako ni ya mchicha, sukuma wiki, chainizi na kabichi tu, usinunue maikoriza, yaani fangasi rafiki wanaoishi mizizini. Naanza na hilo kwa sababu ndilo jibu la swali linaloulizwa zaidi kitaluni kwangu na watu wanaofuata miche, na ndipo wakulima wengi wa mji huu wanapotupa fedha. Kwenye maduka ya pembejeo, Kariakoo na kwingineko, siku hizi kuna pakiti za fangasi rafiki za kila aina. Muuzaji akizipanga mezani, zote anazisifia kwa maneno yaleyale: zinakuza, zinakinga, zinaongeza mavuno. Ukweli ni kwamba kila moja ina kazi yake, ina mimea inayoelewana nayo, na ina namna yake ya kufa kabla haijakufaa.

Kwanza tuelewane ni viumbe gani. Karibu kila mmea unaouona umebeba fangasi ndani yake, mizizini, shinani, hata katikati ya jani, na wala hauugui. Wataalamu huwaita fangasi hao endofiti. Urafiki huo ni wa kale sana. Kwenye mawe ya Rhynie, Scotland, kuna mabaki ya mimea ya miaka kama milioni 407 iliyopita, mimea ambayo haikuwa hata na mizizi kamili, na ndani yake bado zinaonekana nyuzi za fangasi zilizojigawa matawi kama zinavyofanya leo ndani ya mzizi wa muhogo wa Mkuranga. Wanaouzwa madukani ni wachache tu kati ya maelfu, na nitawalinganisha wale ambao mkulima wa Dar anaweza kukutana nao kweli.

Trikodema

Huyu ndiye ambaye ningemshauri mtu amnunue kwanza, kwa bustani nyingi za hapa. Kwenye pakiti utakuta Trichoderma harzianum au Trichoderma asperellum. Anaishi kwenye udongo na kwenye tabaka za nje za mzizi, hazami ndani zaidi. Anapokutana na fangasi mharibifu hujizungusha kwenye nyuzi zake, huyeyusha kuta zake na kumla. Wakati huohuo, kule kuingia kwake mzizini huamsha kinga ya mmea wenyewe, kwa hiyo hata jani ambalo hajalifikia hujiandaa.

Kazi yake kubwa ni kitaluni. Masika yanapoingia, kuanzia Machi hadi Mei, trei hazikauki, joto halishuki, na kinyausi kinapita kwenye miche kama moto. Shingo ya mche inanywea usawa wa udongo, mche unalala, na asubuhi ya pili trei nzima imelala. Trikodema akiwahi kuwekwa kwenye udongo wa trei kabla ya kusia mbegu, wale wanaoleta kinyausi wanakuta nafasi imeshachukuliwa. Neno la kushika hapo ni kuwahi. Mche ulioanza kunywea haumrudishi mtu yeyote fedha yake, hata ukiumwagia pakiti nzima.

Kinachomfanya awe chaguo la wengi ni kwamba habagui mazao. Mchicha, bamia, nyanya, figili, mipapai, wote anakaa nao. Tena anapenda nyuzijoto 25 hadi 30, yaani hali ya hewa yetu karibu mwaka mzima. Na anaweza kula chakula kilichokufa, kwa hiyo unaweza kumzidisha mwenyewe bila maabara. Wakulima wa India wana utaratibu ambao unafaa kabisa hapa: kilo 1 hadi 2 za unga wa trikodema zinachanganywa na kilo 100 za samadi iliyooza vizuri, inanyunyiziwa maji iwe na unyevu bila kuchuruzika, inafunikwa kwa magunia kivulini, na kugeuzwa kila baada ya siku chache kwa wiki moja hadi mbili. Samadi mbichi usiitumie. Inapochachuka hupata joto kali na kumuua. Kwa mtu mwenye matuta mengi bondeni, mbinu hiyo inageuza pakiti moja kuwa mbolea ya shamba zima.

Kuna mambo mawili yanayomwangusha. La kwanza ni dawa za ukungu. Kabendazimu inamuua kabisa, na wengi wetu tunaipulizia bila kufikiri. Ukishaweka trikodema, dawa ya namna hiyo isiguse udongo, na kama uliitumia kabla, mpe udongo wiki mbili. La pili ni kumtumia kwa ugonjwa usiomhusu. Nyanya ikinyauka ghafla mchana wakati majani bado ni ya kijani, kata kipande cha shina karibu na ardhi, kitumbukize kwenye glasi ya maji safi na usubiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, huo ni mnyauko wa bakteria, na hakuna fangasi kati ya hawa ninaowataja atakayeokoa mmea huo. Ng'oa, toa shambani, usipande jamii ya nyanya hapo kwa muda mrefu.

Maikoriza

Jina hili lilitolewa mwaka 1885 na mtaalamu wa mimea wa Ujerumani, Albert Bernhard Frank. Aina inayouzwa kwa ajili ya mboga na matunda huingia hadi ndani ya seli za mzizi na kujenga humo vitawi vidogo sana. Hapo ndipo biashara inafanyika: fangasi anatoa fosforasi, madini mengine na maji anayoyavuta kutoka mbali, mmea unamlipa sukari, wakati mwingine hadi sehemu moja ya tano ya sukari yote unayotengeneza. Fosforasi haitembei udongoni. Mzizi ukishamaliza iliyo milimita chache kutoka ulipo, unakaa na njaa hata kama sentimita tano mbele kuna shibe, na nyuzi za fangasi ndizo zinazoenda kuifuata.

Lakini si kila mmea unafungua mlango. Jamii ya kabichi yote, yaani sukuma wiki, chainizi, figili na kabichi yenyewe, kwa kawaida haimpokei. Jamii ya mchicha, spinachi na bitiruti kwa sehemu kubwa nayo hivyohivyo. Hizo ndizo mboga zinazolimwa zaidi mabondeni na pembezoni mwa barabara za mji huu, kwa sababu zinakua haraka na zinauzika kila siku. Mkulima wa mchicha akinunua maikoriza amenunua mgeni ambaye hatapata pa kulala. Inaniuma ninapoona mtu wa kipato kidogo ameuziwa hivyo, kwa sababu muuzaji angeweza kuuliza swali moja tu: mama, unapanda nini?

Wanaompokea vizuri ni nyanya, pilipili hoho, bilinganya, nyanya chungu, bamia, kunde, matembele, na hasa vitunguu, ambavyo vina mizizi michache na mifupi. Miti ya matunda pia: mipapai, migomba, michungwa, miembe, mipasheni. Kwa mti wa matunda ni uwekezaji mzuri kuliko kwa mboga, maana unaweka kijiko kimoja kwenye shimo siku ya kupanda na fangasi anaishi na mti miaka yote.

Muhogo unastahili maelezo yake. Ni miongoni mwa mazao yanayomtegemea sana fangasi huyu. Majaribio ya CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo cha kitropiki huko Colombia, yalionyesha kwamba kwenye udongo uliochemshwa kuua viumbe vyote, muhogo ulidumaa mpaka ulipopewa fosforasi nyingi mno au ukarudishiwa maikoriza. Je, basi mwenye shamba la mihogo Kisarawe anunue? Mara nyingi hapana. Udongo wake tayari una fangasi wa kienyeji waliozoea joto na mchanga wa pale, na pakiti kutoka nje itaongeza kidogo au haitaongeza kitu. Afadhali apunguze kulima kwa trekta mara kwa mara, kwa sababu jembe linakata nyuzi zao.

Pakiti inalipa pale ambapo udongo hauna fangasi kabisa. Hapo nawazungumzia wale wa Sinza, Upanga au Magomeni wanaootesha bilinganya kwenye viroba na ndoo, juu ya saruji, kwa mchanganyiko wa kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), pumba na udongo uliochomwa. Ndani ya kiroba hicho hakuna aliyesalia, na mche utamhitaji mtu. Vilevile kwa wakulima wa ukanda wa pwani ambao maji ya visima vyao yana chumvi: mimea yenye maikoriza huvumilia chumvi ya kiasi kuliko isiyokuwa nayo. Chumvi yenyewe haiondoki, kwa hiyo kisima kikali bado ni kisima kikali.

Halafu kuna mbolea ya kuku. Dar ni mji wa kuku wa nyama, na mbolea yake ni rahisi kuipata na ina fosforasi nyingi. Mmea ulioshiba fosforasi hauna sababu ya kumlipa mtu sukari, kwa hiyo unamfungia nje. DAP, mbolea ya dukani yenye fosforasi nyingi, ikimwagwa inafanya vilevile. Chagua moja: ama tuta linalojaa mbolea ya kuku, ama maikoriza. Kununua vyote viwili kwa tuta moja ni kulipa mara mbili.

Jambo la mwisho kuhusu huyu, na ni la kujikinga na matapeli. Maikoriza wa aina hii hawezi kukua bila mzizi ulio hai. Mtu akikuambia umzidishe kwenye pipa kwa maji na sukari guru, hajui anachouza au anajua na anakudanganya. Njia ya kweli ya kumzidisha ni kupanda mtama au mahindi kwenye chungu cha mchanga safi pamoja na fangasi, kulea kwa miezi kama mitatu, kuacha kumwagilia, kisha kukatakata mizizi na kuichanganya na ule mchanga. Na unapomtumia, lazima aguse mzizi: kwenye trei, au kwenye shimo chini ya mche. Kumnyunyiza juu ya tuta ni kumwanika juani.

Biuveria

Hapa tunatoka kwenye magonjwa na chakula, tunaingia kwenye wadudu. Beauveria bassiana amebeba jina la Agostino Bassi, Mwitaliano ambaye mwaka 1835 alionyesha kwamba ugonjwa uliokuwa ukiua viwavi wa hariri unasababishwa na fangasi huyu. Kijimbegu chake kinanata kwenye ngozi ya mdudu, kinatoboa, kinamla kutoka ndani, na mdudu anabaki amefunikwa unga mweupe.

Miaka mingi alipuliziwa tu kama dawa. Baadaye ikaonekana kwamba anaweza pia kuishi ndani ya mmea. Mwaka 1991 watafiti Bing na Lewis wa Iowa, Marekani, walichapisha matokeo ya mahindi yaliyokuwa na biuveria ndani na kupungua kwa kipekecha bua. Jirani zetu Uganda, watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, wamefanya kazi ndefu ya kuingiza biuveria kwenye miche ya migomba ili kupambana na fukusi anayetoboa tunguu la mgomba. Kwenye nyanya, ambako kantangaze (Tuta absoluta, nondo ambaye viwavi wake hutoboa majani na matunda) anatusumbua tangu alipoingia nchini mwaka 2014, wazo la mmea wenye askari wake ndani linavutia mno.

Linavutia, ila tusilinunue kwa pupa. Akishaingizwa kwa kuloweka mbegu au kuchovya mizizi, hukaa wiki kadhaa, pengine miezi michache, kulingana na zao na aina yake, kisha anafifia. Nguvu yake akiwa ndani ni ndogo kuliko anapomdondokea mdudu moja kwa moja. Kwa hiyo kwa mkulima wa nyanya ningesema chovya mizizi siku ya kuhamisha miche, halafu panga kupulizia, na mitego ya kantangaze iendelee kuning'inia.

Kwa Dar, kinachoamua ni jua na friji. Unyevu wa pwani anaupenda, lakini mionzi ya jua inaua vijimbegu vyake kwa saa chache, na joto likipita nyuzi 32 hivi ukuaji wake unadorora. Pulizia jua linapozama, nyuki wakiwa wamesharudi, na elekeza bomba chini ya majani. Usitegemee kuona wadudu wakianguka kesho yake. Huchukua siku tatu hadi kumi. Mankozebu, dawa ya ukungu, inamdhuru, basi zisichanganywe kwenye bomba moja. Na kabla ya kulipa, muulize muuzaji pakiti ilikuwa imehifadhiwa wapi. Iliyokaa chini ya bati la moto tangu Januari inaweza kuwa unga uliokufa, hata kama tarehe yake ya mwisho haijafika.

Ndugu yake, Metarhizium, anafanya kazi kwa namna hiyohiyo na anavumilia joto kidogo zaidi. Huyu anaipenda mizizi, na imeonekana anaweza kuchukua naitrojeni kutoka kwa mdudu aliyemuua udongoni na kuupa mmea. Tanzania tuna historia naye: mwaka 2009 aina yake ilipuliziwa dhidi ya nzige wekundu Iku-Katavi, bonde la Rukwa na Malagarasi, na wimbi lile likazuiwa. Kwa wadudu wanaojificha ardhini ningemchagua yeye kabla ya biuveria.

Minyoo fundo na mengineyo

Ukilima kwenye mchanga wa Kigamboni au Mbweni na bamia zako zikadumaa, ng'oa moja utazame mizizi. Ikiwa na vinundu kama shanga, ni minyoo fundo. Hapo tafuta pakiti ya Purpureocillium lilacinum, fangasi aliyekutwa Peru mwishoni mwa miaka ya 1970 akiwa ndani ya mayai ya minyoo hao kwenye viazi. Anakula mayai, kwa hiyo awekwe kabla ya kupanda na kurudiwa, na mizizi ya zao lililopita itolewe yote. Vaa miwani na barakoa unapomchanganya. Ni nadra, lakini amewahi kuambukiza macho ya watu, na mwenye kinga dhaifu ya mwili asimshike.

Wapo wakazi wa Dar wenye mashamba ya mahindi Kongwa au Kiteto. Kwao kuna Aflasafe TZ01, ambayo ni fangasi wa jamii ileile inayotoa sumukuvu, ila hawa hawana sumu. Wanaliwahi hindi kabla ya wenye sumu. Humwagwa shambani kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Baada ya vifo vya sumukuvu vya mwaka 2016 Dodoma na Manyara, sioni sababu ya mtu mwenye uwezo kuiruka.

Mbegu za nyasi za bustani kutoka nchi za baridi zilizoandikwa kuwa zina endofiti, ziache. Fangasi wake huzilinda na wadudu kwa sumu ambayo hudhuru ng'ombe na farasi, na nyasi zenyewe hazipendi joto letu.

Ukiwa na fedha ya pakiti moja

Mwenye matuta ya mchicha na sukuma wiki bondeni: trikodema, akizidishwa kwenye samadi. Mwenye viroba vya nyanya chungu barazani: maikoriza kwenye shimo la mche, na mbolea ya kuku apunguze. Anayepanda mipapai kwenye kiwanja kipya huko Chanika: maikoriza tena, ila kama udongo ni wa majani ya asili ambao haujasukumwa na greda, aache kabisa.

Mwenye kitalu nyumba cha nyanya au hoho ndiye pekee ambaye ningemshauri atumie wote watatu, kwa kupishana: trikodema kwenye trei kabla ya kusia, maikoriza kwenye shimo siku ya kuhamisha, biuveria jioni mara anapoona kantangaze wa kwanza kwenye mtego. Ndani ya kitalu nyumba nailoni inapunguza mionzi ya jua, unyevu unakaa, na zao lina thamani ya kulipia gharama. Hata hivyo aache tuta moja bila kitu, walao mistari miwili, apime mavuno yake kando. Bila hiyo hatajua kama ni fangasi aliyefanya kazi au ni msimu tu ulikuwa mzuri.

Dukani, soma lebo kabla ya bei. Inayouzwa kama kiuatilifu iwe na usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, inayouzwa kama mbolea iwe na wa TFRA, mamlaka ya udhibiti wa mbolea. Jina la fangasi liandikwe kamili, pamoja na idadi ya viini hai kwa gramu na tarehe ya kutengenezwa. Trikodema na biuveria huhesabiwa kwa mamilioni na mabilioni kwa gramu. Maikoriza huhesabiwa kwa makumi au mamia, kwa hiyo namba ndogo kwake haina ubaya. Pakiti iliyoandikwa "vijidudu rafiki" bila jina wala hesabu irudishe mezani, na ile uliyoichagua ifunge kwenye mfuko wenye barafu kama una safari ya daladala mpaka Mbagala mchana.